Kijiji cha Mteremko wa Meru

Mgeni apandaye kutoka Tengeru kuelekea Nkoaranga huuliza kijiji ki wapi, maana haoni nyumba zilizokusanyika. Kijiji cha Wameru hakikujengwa kuzunguka uwanja na kanisa kama vile vya Ufaransa. Kila nyumba imejificha katika migomba yake, na kahawa imepandwa chini ya kivuli hicho hicho. Kiunganishacho watu ni mfereji. Maji ya mlimani hugawanywa kwa zamu, na asiyefika siku ya kuuzibua hutozwa faini. Zamani zamu hizo hazikuandikwa popote, nazo zilikumbukwa vema kuliko vitabu vya baadhi ya vyama.

Umoja huo ulipimwa mwaka 1951, serikali ya kikoloni ilipowahamisha kwa nguvu karibu watu 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Wameru walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akalifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa. Azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili za kura.

Siku hizi ardhi hutoka kwa hiari. Kihamba hugawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hata fungu la mmoja lisitoshe migomba na kahawa pamoja. Huyu hung'oa mibuni apande nyanya za soko la Tengeru; yule humuuzia kiwanja mtu wa mjini. Mzazi mwenye mtoto chuoni halaumiki. Lakini shauri hilo lafaa kufikishwa mkutano mkuu mapema, kwani mara nyingi karani wa chama hupata habari mibuni ikiwa imekwisha kuwa kuni.