MADA YA 7: BIMA NA DHIMA – NANI HULIPA HASARA IKITOKEA CHUONI?

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii unatarajiwa uweze:
(a) kutofautisha bima ya mali, fidia kwa waajiriwa na bima ya dhima;
(b) kueleza ni lini mwajiri huwajibika kwa kosa la mwajiriwa wake;
(c) kukokotoa fidia mali inapokatiwa bima pungufu au bima zaidi ya moja;
(d) kujibu swali la tukio bila kuchanganya wahusika.

7.1 Utangulizi

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, moto ulizuka katika Jengo Kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1941, na ndani yake zilikuwamo ofisi za utawala na za fedha. Paa na ghorofa za juu ziliteketea. Serikali ya Uganda iligharamia ujenzi mpya, na jengo likafunguliwa tena Oktoba 2024.

Hasara kubwa kama hiyo huibua maswali matatu. Hasara ni ya nani? Imesababishwa na nani au na nini? Nani anapaswa kulipa? Mtahiniwa anayejiuliza maswali haya kwa mpangilio huo hapotei. Anayerukia swali la tatu moja kwa moja huandika kwamba "kampuni ya bima italipa kila kitu", na hapo ndipo alama zinapokwenda na maji.

Katika mada hii tutatumia mfano wa chuo kikuu binafsi cha kubuni nchini Tanzania, tukiite Chuo K. Chuo ni mfano mzuri kwa sababu kina majengo, maabara, magari, waajiriwa, wanafunzi na wageni, wote mahali pamoja.

7.2 Istilahi muhimu

Bima: mkataba ambao kampuni ya bima inakubali kumfidia mkata bima akipata hasara iliyotajwa katika mkataba, naye analipa ada.

Mkata bima: mtu au taasisi inayokata bima. Katika mfano wetu ni Chuo K.

Ada ya bima: fedha anazolipa mkata bima ili alindwe kwa muda fulani.

Hati ya bima: maandishi yanayoonesha masharti ya mkataba, yaani kinacholindwa, kisicholindwa na kiwango cha juu cha malipo.

Dhima: wajibu wa kisheria wa kumlipa mtu mwingine kwa madhara uliyomsababishia.

Mtu wa tatu: mtu aliyedhurika ambaye si mkata bima wala si kampuni ya bima. Wa kwanza ni mkata bima, wa pili ni kampuni ya bima.

Nchini Tanzania biashara ya bima husimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

7.3 Mafungu matatu ya kinga

Fungu la kwanza: Mali ya chuo

Hapa mwenye hasara ni chuo chenyewe. Bima zinazohusika ni hizi:
(i) Bima ya moto, kwa majengo na vilivyomo.
(ii) Bima ya wizi, kwa vifaa vinavyoibwa baada ya mtu kuvunja na kuingia.
(iii) Bima ya uaminifu, kwa fedha zinazopotea kutokana na udanganyifu wa mwajiriwa, kwa mfano mtunza fedha anayetoroka na ada za wanafunzi.
(iv) Bima kubwa ya gari, ambayo hulinda gari lenyewe pamoja na watu wengine.

Zingatia: Mtu hukatia bima kitu ambacho kikiharibika yeye hupata hasara. Hii ndiyo kanuni ya maslahi ya bima. Chuo K kina maslahi katika jengo la hosteli, kwa hiyo kinaweza kulikatia bima. Lakini godoro, nguo na kompyuta mpakato ni vya mwanafunzi. Kwa kawaida bima ya jengo haivigusi. Kwa hiyo hosteli ikiungua, chuo kinaweza kulipwa jengo lake na mwanafunzi akabaki mikono mitupu. Jambo hili likumbuke hata baada ya mtihani, utakapopangiwa chumba chuoni.

Fungu la pili: Waajiriwa wa chuo

Mwajiriwa akiumia, akiugua au akifariki kutokana na kazi, Tanzania Bara hutumia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Sheria hiyo ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Anayechangia ni mwajiri, naye haruhusiwi kukata mchango huo katika mshahara wa mfanyakazi.

Mafao ya mfuko ni pamoja na matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, utengamao, msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi.

Jambo kuu la kukumbuka: mfanyakazi hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alifanya uzembe. Anachotakiwa kuonesha ni kwamba madhara yametokana na kazi. Fundi sanifu wa maabara aliyemwagikiwa tindikali hana haja ya kumtafuta mkosaji ndipo atibiwe.

Tahadhari: Mwanafunzi anayehudhuria masomo si mwajiriwa. Akiungua maabara, hadai kwa WCF. Atakuwa na madai dhidi ya chuo ikiwa chuo kilifanya uzembe, na hapo tunaingia fungu la tatu.

Fungu la tatu: Dhima ya chuo kwa watu wengine

Hapa mwenye hasara si chuo, ni mtu mwingine. Chuo ndicho kinachodaiwa. Mfano: mzazi aliyekuja kwenye mahafali anaangukiwa na kipande cha dari kilichokuwa kimeoza kwa muda mrefu bila kutengenezwa. Bima ya moto haisaidii, wala WCF haimhusu mzazi huyo. Inayohusika ni bima ya dhima kwa umma, kama chuo kiliikata.

Katika fungu hili imo pia bima ya gari ya mtu wa tatu, ambayo mitaani huitwa bima ndogo. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, huilazimisha ili watu wanaouawa au kujeruhiwa na gari wasikose fidia kwa sababu tu mwenye gari hana fedha. Kumbuka kwamba bima ndogo hailipi matengenezo ya gari la mkata bima.

7.4 Mwajiri na kosa la mwajiriwa

Chuo hakiendeshi gari wala hakichanganyi kemikali. Wanaofanya hivyo ni waajiriwa. Je, mwajiriwa akifanya uzembe na kumdhuru mtu, nani anadaiwa?

Kanuni inasema: mwajiri huwajibika kwa kosa la mwajiriwa lililotendeka wakati akitekeleza kazi aliyoajiriwa kuifanya. Mwajiriwa mwenyewe pia anaweza kushtakiwa, lakini mdai huona afadhali kumdai mwajiri kwa kuwa ndiye mwenye uwezo wa kulipa.

Kanuni hii tumeirithi katika sheria za Uingereza. Mwaka 1862, katika kesi ya Limpus dhidi ya London General Omnibus Company, dereva wa basi la farasi alilizuia basi la kampuni pinzani na kusababisha ajali. Kampuni ilijitetea kwamba ilikwisha kuwakataza madereva kufanya hivyo. Mahakama haikuupokea utetezi huo, kwa kuwa dereva alikuwa akifanya kazi yake ya kuendesha basi, ingawa kwa namna iliyokatazwa.

Sasa linganisha hali hizi mbili:

Hali ya kwanza: Dereva wa Chuo K anapeleka wahadhiri kwenye mkutano. Anakwenda mwendo wa kasi uliokatazwa na chuo, anamgonga mtembea kwa miguu. Chuo kinawajibika. Makatazo hayakiondolei dhima.

Hali ya pili: Dereva huyo anachukua gari usiku bila ruhusa, anakwenda kwenye harusi ya binamu yake, anamgonga mtu njiani. Hakuwa katika kazi ya mwajiri. Dhima ni ya dereva mwenyewe.

Katika jibu lako, usiishie kusema "alikuwa dereva wa chuo". Onesha kwamba alikuwa kazini au hakuwa kazini, na utaje sentensi ya swali inayothibitisha hivyo.

7.5 Kanuni ya fidia na hesabu zake

Bima ya mali humrudisha mkata bima katika hali aliyokuwa nayo kabla ya hasara. Haimtajirishi. Kutokana na kanuni hii tunapata mambo matatu.

(a) Bima pungufu

Taasisi nyingine hutaja thamani ndogo ya mali ili kulipa ada ndogo. Siku ya hasara hulipwa kwa uwiano, pale hati inapokuwa na sharti hilo:

Fidia = (Kiasi kilichokatiwa bima ÷ Thamani halisi ya mali) × Hasara

Mfano: Jengo la maabara la Chuo K lina thamani ya sh. 800,000,000 lakini lilikatiwa bima ya sh. 600,000,000. Moto ukasababisha hasara ya sh. 200,000,000.

Fidia = (600,000,000 ÷ 800,000,000) × 200,000,000 = sh. 150,000,000

Chuo kitabeba chenyewe sh. 50,000,000. Mtahiniwa hushawishika kuandika sh. 200,000,000 kwa sababu hasara ni ndogo kuliko kiasi cha bima. Sivyo. Chuo kililipia robo tatu ya kinga, kwa hiyo kinapata robo tatu ya kila hasara.

(b) Bima zaidi ya moja

Vifaa vya maabara vimekatiwa bima ya sh. 80,000,000 katika Kampuni A na sh. 40,000,000 katika Kampuni B. Hasara ni sh. 60,000,000. Chuo hakiwezi kulipwa mara mbili. Kampuni zinachangiana kwa uwiano wa bima zake:

Kampuni A = (80 ÷ 120) × 60,000,000 = sh. 40,000,000
Kampuni B = (40 ÷ 120) × 60,000,000 = sh. 20,000,000

(c) Kampuni kushika nafasi ya mkata bima

Lori la mkandarasi limebomoa ukuta wa maktaba, na kampuni ya bima imekilipa chuo sh. 30,000,000 za matengenezo yote. Baada ya malipo hayo, haki ya kumdai mkandarasi huhamia kwa kampuni ya bima. Chuo kikipokea tena sh. 30,000,000 za mkandarasi na kuzitia mfukoni, kitakuwa kimefanya faida kutokana na hasara, jambo ambalo kanuni ya fidia hukataza.

Zingatia: Kanuni ya fidia haitumiki kwa bima ya maisha, kwa sababu uhai hauna bei ya kurudishiwa.

7.6 Ukweli kamili

Mkata bima anatakiwa kueleza mambo yote muhimu anayoyajua, hata yale yasiyompendeza. Tuseme nyaya za umeme za hosteli zimechakaa na fundi amekwisha kuandika taarifa, lakini afisa wa chuo anajaza fomu kwamba "hali ni nzuri". Moto ukitokea, kampuni inaweza kukataa madai. Waliolipa ada ya bima kwa miaka kumi watajikuta sawa na wasiokuwa na bima kabisa.

7.7 Swali la mfano na jibu lake

Swali: Dereva wa Chuo K, akipeleka karatasi za mitihani katika tawi la chuo, alichelewa kufunga breki akamgonga mwendesha bodaboda na kumvunja mguu. Dereva mwenyewe aliumia mkono. Gari la chuo linahitaji matengenezo ya sh. 8,000,000. Chuo kilikata bima ya mtu wa tatu pekee. Eleza haki ya kila mhusika. (Alama 10)

Jibu:

Mwendesha bodaboda (alama 4): Ni mtu wa tatu. Dereva alifanya uzembe akiwa kazini, kwani alikuwa akipeleka mitihani kwa niaba ya chuo. Kwa hiyo chuo kina dhima. Majeraha yatafidiwa na kampuni ya bima kupitia bima ya mtu wa tatu.

Dereva (alama 3): Ni mwajiriwa aliyeumia kutokana na kazi. Atapata matibabu na mafao mengine anayostahili kutoka WCF. Uzembe wake mdogo wa kuchelewa kufunga breki haumnyimi haki hiyo.

Chuo (alama 3): Bima ya mtu wa tatu hailindi gari la mkata bima. Chuo kitajilipia sh. 8,000,000. Kingekuwa na bima kubwa, kingeweza kudai gharama hizo kwa masharti ya hati.

Angalia jibu lilivyopangwa: kila mhusika ana aya yake, na kila aya inataja yeye ni nani, sababu ya haki yake na anayemlipa.

7.8 Zoezi

1. Maktaba yenye thamani ya sh. 500,000,000 ilikatiwa bima ya sh. 300,000,000. Hasara ni sh. 100,000,000. Kokotoa fidia na kiasi atakachobeba mkata bima.
2. Mgeni ameteleza kwenye ngazi za chuo zilizovunjika na zisizo na onyo. Taja bima inayohusika na utoe sababu.
3. Mlinzi wa chuo ameumia akimfukuza mwizi lindoni. Je, lazima athibitishe uzembe wa mwajiri ili afidiwe? Eleza.
4. Mwanafunzi anadai chuo kimlipe kompyuta mpakato iliyoungua hosteli kwa kuwa "jengo lina bima". Mjibu kwa kutumia kanuni ya maslahi ya bima.

Majibu kwa ufupi: (1) Fidia sh. 60,000,000, mkata bima atabeba sh. 40,000,000. (2) Bima ya dhima kwa umma. Mgeni ni mtu wa tatu aliyedhurika kwa uzembe wa chuo. (3) Hapana, inatosha kuonesha ameumia kutokana na kazi. (4) Bima ya jengo hulinda maslahi ya chuo katika jengo. Kompyuta ni mali ya mwanafunzi. Madai dhidi ya chuo yatawezekana tu akithibitisha kwamba moto ulitokana na uzembe wa chuo.