Kufundisha Mishono ya Kwanza ya Kroshia: Kutoka kwenye Ukili na Wavu

Mwalimu anayepangiwa shule ya vijiji vya delta ya Rufiji, au ya kandokando ya barabara karibu na Kibiti, hupokea wanafunzi ambao mikono yao imekwisha kufunzwa. Msichana wa miaka kumi aghalabu amepata kuketi kando ya bibi yake akisuka ukili wa ukindu; mvulana amepata kushika upande mmoja wa wavu huku baba yake akiziba matundu. Hata hivyo, katika mazoezi ya kufundisha twawaona wanachuo wakianza somo la kroshia kana kwamba watoto hao hawajapata kugusa uzi. Makala hii inakusudia kuonyesha namna ya kuanzia pale mtoto alipo.

Yafaa mwalimu aingie darasani na vitu vitatu: kipande cha ukili, kipande cha wavu mkuukuu, na kitambaa cha kroshia ambacho mwisho wa uzi wake haujafungwa. Wanafunzi wavichunguze na kuvivuta. Wataona kuwa ukili una miyaa mingi ipitanayo juu na chini, na kwamba wavu umeshikwa kwa mafundo, hata jicho moja likikatika mengine husalia. Lakini kitambaa kile kikivutwa mwisho wa uzi hufumuka mstari kwa mstari, kwani ni uzi mmoja tu unaopita ndani ya vitanzi vyake wenyewe. Kicheko kitakachotokea hapo kina faida kubwa. Mtoto aliyeona kazi ikifumuka bila uzi kuharibika hataogopa kuifumua yake.

Somo la kwanza halihitaji kulabu. Kila mwanafunzi apewe kamba laini au utepe uliochanwa kutoka kanga kuukuu, afunge fundo la kuteleza, kisha apitishe kitanzi ndani ya kitanzi kwa vidole mpaka mnyororo ufike urefu wa mkono. Walimu wengi hukazia macho mkono ushikao kulabu, lakini mkono mwingine, utoao uzi, ndio uamuao kazi kubana au kulegea, nao wafaa ufunzwe kwanza. Uzi wa nailoni wa nyavu, ingawa hupatikana kwa urahisi, usitumike: huteleza na kumvunja moyo anayeanza. Uzi mweupe mwembamba wa vitambaa vya meza nao usubiri. Sufu nene ya rangi iliyokoza, pamoja na kulabu ya milimita 4, huonyesha kila kitanzi waziwazi. Kulabu yenyewe yaweza kuchongwa kwa mwanzi na kulainishwa kwa msasa.

Hatua ifuatayo ni mshono mfupi. Mwanafunzi afume mnyororo wa vitanzi 11, aache kile kilicho karibu na kulabu, na kuingiza kulabu katika cha pili. Avute uzi, apate vitanzi viwili juu ya kulabu, kisha auvute uzi tena kuvipita vyote viwili. Akifika mwisho atakuwa na mishono 10. Kabla ya kugeuza kazi afume kitanzi kimoja cha kupandia. Kila mstari uhesabiwe kwa sauti. Kazi ikianza kuwa pembetatu, mwalimu asiseme tu kwamba imeharibika. Amwulize mtoto ana mishono mingapi. Aghalabu atakuta 9, kisha 8, kwa sababu mshono wa mwisho wa mstari hujificha pembeni na kurukwa.

Mwalimu atumiaye vitabu vya kigeni ajihadhari na majina. Mshono mfupi nilioueleza huitwa na Wamarekani kwa jina moja, na Waingereza kwa jina ambalo Wamarekani hulitumia kwa mshono mrefu. Ndiyo maana kitambaa kimoja chaweza kutoka kifupi au kirefu kwa maelezo yaleyale. Heri majina yetu, mradi darasa zima likubaliane.

Juu ya namna ya kuketi, bibi wa ukili ametutangulia: mwanafunzi huketi kando yake, wala si mbele yake, akaona mikono upande uleule anaotumia yeye. Lakini mwenye kutumia mkono wa kushoto na aketi akimkabili mwalimu, amwige kama aangaliaye kioo. Asilazimishwe kuhamisha mkono. Wala wavulana wasitolewe nje kwenda kufyeka majani wakati wa kipindi hiki; mwenye kuzoea wavu mara nyingi huwapita wenzake.

Limebaki suala la alama, nalo ndilo zito. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulitaka elimu imwandae kijana kwa maisha ya kijijini. Shule zikadai vitu: leteni kitambaa siku ya Ijumaa. Basi kitambaa huletwa, kimefumwa na dada au mama, au kimenunuliwa. Na mtoto wa mzazi asiye na fedha ya uzi hukaa nyumbani siku hiyo. Napendekeza kitambaa kisipewe alama kabisa. Mwalimu amwite kila mwanafunzi, ampe kulabu na uzi wa shule, afume mistari mitatu ya mishono 10 mbele yake, aulizwe mshono wa mwisho uko wapi, kisha aifumue kazi yake na kuukunja uzi kwa ajili ya mwenzake anayengoja.