Kabla ya kutia sahihi, nenda South C

Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 27 kutoka Kaunti ya Homa Bay. Nilisomea ufundi wa mitambo katika chuo kimoja cha kiufundi, na kwa muda sasa nimekuwa nikiunda kikaushio cha omena kinachotumia sola. Mama yangu na wenzake huanika omena kwenye nyavu kuukuu hapa ufuoni. Mvua ikinyesha mchana, mali inaoza, na inayobaki inauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Kikaushio changu ni kabati lenye chanja za wavu na feni. Hivi karibuni nimeongeza kitu kinachokiwezesha kukausha hata usiku (maelezo yameondolewa).

Miezi saba iliyopita nilikipeleka kwenye maonyesho ya wabunifu, na picha zake nikaziweka Facebook. Sasa chuo kikuu kimoja cha Ulaya kimeniandikia. Kinataka tuombe pamoja fedha za utafiti za Umoja wa Ulaya. Wametuma mkataba wa kurasa 38, Kiingereza cha mawakili kitupu, na wanataka niutie sahihi kabla ya mwezi kuisha, pamoja na kuwatumia michoro yote. Kaka yangu anasema Wazungu wataniibia, haraka haraka haina baraka. Mama anasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwalimu wangu wa zamani naye anasema jina lake litangulie langu, kwa kuwa nilianzia kwenye karakana ya chuo. Serikali husema kila siku kwamba inasaidia wabunifu, lakini mimi sijui hata nibishe mlango gani. Nimechanganyikiwa. Nifanyeje?

Mbunifu wa Ziwani

Mwanangu,

Hongera kwanza. Anayejua omena inavyogeuka mvua ikiikuta kwenye nyavu anajua umeshika kazi ya maana. Na usione haya kwa kuchanganyikiwa. Kaka, mama na mwalimu kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, nawe umeachiwa uviunge peke yako.

Nikujibu moja kwa moja. Ushirikiano huu usiukatae, na mkataba huo usiutie sahihi kama ulivyo. Katikati ya hayo mawili kuna kazi ya kufanya, nayo ina mpangilio wake: sajili kwanza, zungumza baadaye, michoro iende mwisho.

Kwa nini naanza na usajili? Kwa sababu hataza, au patenti kama wengi tunavyoiita, hupewa kitu kipya, na upya huo hupimwa kwa yale ambayo dunia nzima imeshaonyeshwa. Ulipoweka picha Facebook, uliionyesha dunia. Sheria yetu ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 ina huruma hapa: mvumbuzi akiuweka wazi uvumbuzi wake mwenyewe, ana miezi 12 ya kuwasilisha ombi kabla jambo hilo halijamhukumu. Umeshatumia saba. Imebaki mitano, na hiyo ndiyo tarehe ya kukukosesha usingizi, si ile ya mwisho wa mwezi waliyokupa. Ulaya hakuna huruma ya namna hiyo kwa picha ulizozianika mwenyewe, kwa hiyo huenda kule mlango wa kikaushio cha kwanza umeshafungwa.

Lakini kile kifaa cha usiku hujamwonyesha mtu. Ndiyo maana nimekiondoa kwenye barua yako kabla haijachapwa. Usikipige picha, usimweleze mwenye duka la vyuma, usikiandike kwenye barua pepe ya kwenda Ulaya. Kwa jinsi ulivyokieleza, huenda hicho ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote, na bado ni kipya kila mahali.

Mlango wa kubisha wa kwanza ni KIPI, taasisi ya serikali inayosajili uvumbuzi. Ofisi zake ziko Nairobi, Barabara ya Popo, South C, katika majengo ya Idara ya Vipimo. Waombe wakutafutie katika kumbukumbu kama kuna aliyekutangulia, kisha uwaulize kati ya njia mbili. Hataza hudumu miaka 20 ukilipa ada zake kila mwaka, lakini hudai hatua kubwa ya kiuvumbuzi. Cheti cha uvumbuzi mdogo hudumu miaka 10 na masharti yake ni mepesi: kitu kiwe kipya na kiweze kutumika kiwandani. Mashine nyingi za mafundi wetu hukaa vizuri zaidi katika njia hii ya pili. Inawezekana kabati likaenda njia moja na kifaa cha usiku njia nyingine.

Ukishapokelewa na kupewa tarehe ya kuwasilisha, unapata miezi 12 mingine ya kuamua ni nchi zipi za nje unazotaka kuomba ulinzi, huku ukihesabiwa kwa tarehe ile ile ya Nairobi. Ziwa letu lina nchi tatu. Omena ya Homa Bay ni dagaa kule Mwanza na mukene kule Uganda, na kote huko huanikwa juani. Ipo jumuiya ya nchi za Afrika iitwayo ARIPO, yenye makao Harare, ambapo ombi moja linaweza kutaja Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Fikiria soko hilo kabla ya kufikiria Ulaya.

Sasa nije kwa kaka yako. Hofu yake ina historia. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, waliwafuatilia wanawake waliofanya biashara ya ngono Majengo, Pumwani. Wakaona kwamba wachache kati yao hawakuambukizwa virusi vya Ukimwi japo walikutana navyo mara nyingi. Wanasayansi wa Oxford walijiunga, wakachunguza kinga ya wanawake hao, na hapo likazaliwa wazo la chanjo ya kujaribiwa. Ombi la hataza lilipowasilishwa Uingereza, watafiti wa Nairobi hawakuwamo. Jambo hilo lilipofichuka mwaka 2000 palizuka mzozo mkubwa, hadi makubaliano yakaandikwa upya na Nairobi ikapewa sehemu yake. Majaribio yakaanza Nairobi mwaka 2001. Chanjo yenyewe haikufua dafu, lakini somo lilibaki: kazi ilifanywa kwa miaka mingi kwa kuaminiana, na lililokosekana ni karatasi ya kusema nani anamiliki nini.

Lakini usichukue upande mmoja tu wa historia. Nenda Kilifi uone. Mwaka 1989 taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, ilianza kazi huko na Chuo Kikuu cha Oxford kwa fedha za Wellcome Trust. Leo kituo kile ni miongoni mwa vinavyotajwa sana duniani kwa utafiti wa malaria, na Wakenya wengi wamesomea hapo hadi shahada ya uzamifu na kuongoza utafiti wao wenyewe. Hao nao ni wageni wa Ulaya. Kwa hiyo usiulize kama Wazungu ni wema au wabaya. Uliza mkataba unasemaje, na wewe unakaa wapi maamuzi yanapofanywa.

Tuufungue basi huo mkataba. Fedha unazozitaja, yaelekea, ni za mpango wa Horizon Europe, wa mwaka 2021 hadi 2027, ulioanza na bajeti ya takriban euro bilioni 95.5. Mashirika ya Kenya yanaruhusiwa kushiriki na kulipwa. Katika miradi mingi ya ushirikiano, waombaji huwa angalau watatu kutoka nchi tofauti, na nchi hizo huwa za Umoja wa Ulaya au zilizofungamana na mpango huo. Na hapa pana jambo ambalo huenda hukuambiwa: wafadhili wa namna hii hupenda mradi wenye mshirika wa Afrika anayeijua shida kwa mikono yake. Wanakuhitaji. Zungumza ukijua hilo.

Kanuni za mpango huo zinakulinda kuliko unavyodhani, mradi uzitumie. Kila mshirika hutakiwa kutaja kwa maandishi ujuzi aliokuja nao kabla ya mradi kuanza, na ujuzi huo hubaki mali yake. Matokeo mapya ni ya yule aliyeyazalisha. Wakiyazalisha pamoja na michango yao isitenganike, huyamiliki pamoja. Kwa hiyo kitafute kifungu cha ujuzi uliotangulia, uone kama kikaushio chako kimeandikwa humo kwa jina lako, pamoja na namba ya ombi lako la KIPI. Kama ukurasa huo ni mtupu, au umejaa vitu vyao tu, hapo ndipo ungepoteza, tena bila mtu yeyote kukuibia.

Tazama pia mambo haya. Je, umeandikwa kama mshirika kamili anayepokea fungu lake, au kama fundi wa kukodiwa na mkusanyaji wa takwimu? Ni kazi ipi utakayoongoza wewe? Nani ana ruhusa ya kutengeneza na kuuza kikaushio katika nchi za ziwa hili? Wakiandika makala ya kisayansi, jina lako liko wapi, na utapewa muda gani wa kuisoma kabla haijatoka? Mkigombana, kesi itasikilizwa mji gani? Kifungu kimoja kinachopeleka kesi kwenye mahakama ya mbali kinaweza kukunyamazisha hata haki ikiwa yako.

Kuhusu haraka yao, kwa kawaida mkataba kamili kati ya washirika hutiwa sahihi baada ya ombi la fedha kushinda, si wakati wa kuomba. Wakati wa kuomba, maelezo yako na makubaliano mafupi ya usiri yanatosha. Waulize kwa adabu kwa nini wanataka kurasa 38 sasa. Mshirika mwema atakujibu bila kukasirika. Na mama yako umwambie ukweli huu mapema: ushindani wa fedha hizo ni mkali, na maombi mengi mazuri huanguka. Mkishinda, huo hautakuwa mshahara wa nyumbani. Kila risiti na kila siku ya kazi itahitaji kumbukumbu, na wakaguzi wanaweza kuja hata miaka kadhaa baada ya mradi kwisha. Ili upokee kwa utaratibu, ni vyema uwe na kampuni iliyosajiliwa, jambo unaloweza kuanza kwenye eCitizen.

Mwalimu wako sasa. Mheshimu, alikupa msingi. Lakini mvumbuzi ni yule aliyeleta wazo lenyewe la kiuvumbuzi. Kukuazima karakana na kukusahihisha kulehemu ni msaada wa kushukuriwa hadharani, ila hakumfanyi mtu mvumbuzi. Kama kuna sehemu aliyoibuni yeye, ikubali na muandikwe pamoja kwa sehemu hiyo. Chuo nacho huenda kina sera yake kuhusu vitu vilivyobuniwa na wanafunzi katika karakana yake, kwa hiyo iombe na uisome kabla ya kwenda KIPI. Kisha kaeni chini wote wawili, na mtakalokubaliana liandikwe na litiwe sahihi. Ugomvi huu ukiufikisha Ulaya haujamalizika, utakuumbua.

Kuhusu serikali, nitasema kwa uwazi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ilituundia NACOSTI ya kusimamia na kutoa leseni za utafiti, KENIA ya kuwaunganisha wabunifu na soko, na Hazina ya Kitaifa ya Utafiti. Sheria hiyo ilitaka hazina ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka, na fungu hilo halijawahi kukaribia hapo. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu kila shilingi inayokosekana huko humsukuma kijana kama wewe akakubali masharti ya kwanza anayopewa na mgeni. Hata hivyo milango hiyo ni yako, imelipiwa kwa kodi za akina mama wanaouza omena kwa gorogoro. Itumie. Waandikie KENIA uwaeleze una mwaliko wa nje, uombe mtu wa kuusoma mkataba nawe. KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, ina kituo Kisumu, waulize kuhusu kuupima mtambo wako. Watafiti wa samaki wa KMFRI wako hapo hapo Kisumu, na matokeo ya vipimo vya omena yako kutoka kwao yatakupa nguvu mezani. Wageni nao watahitaji leseni ya NACOSTI kabla ya kufanya utafiti wowote hapa, kwa hiyo jina lako liwemo kwenye maombi hayo tangu mwanzo.

Leo jioni wajibu watu wa Ulaya hivi, kwa maneno yako: kwamba umeupokea mwaliko kwa furaha; kwamba uko tayari kushiriki kama mshirika kamili; kwamba ombi lako la usajili liko njiani na michoro itafuata baada ya hapo, chini ya makubaliano ya usiri; na kwamba mkataba utasomwa na wakili. Usiombe msamaha kwa lolote kati ya hayo. Kisha mtafute wakili wa kweli. Chama cha Mawakili kitakuelekeza kwa wanaojua mambo ya hataza, nao wapo wanaomsaidia kijana kwa ada ndogo.

Wakikujibu kwamba ni sasa au basi, waache waende. Kikaushio kitabaki chako, na mama yako atakitumia msimu ujao wa mvua, uwe na mfadhili au usiwe naye. Wakikubali kusubiri, utakuwa umepata washirika wa kweli. Niandikie tena ukishapewa tarehe ya KIPI, mwanangu, kisha tuusome huo mkataba kifungu kwa kifungu.

Shangazi yako