Mtu wa Makamo na Nguvu Zake

Kijitabu hiki kimetungwa kwa ajili ya mwanamume aliyekwisha kuvuka umri wa miaka 40, ambaye usiku mmoja aliutaka mwili wake umtii nao usimtii, na tangu usiku ule akawa hana raha: akichelewa makusudi kurudi nyumbani, akisingizia uchovu, akimjibu mkewe kwa ukali juu ya chumvi ya mchuzi, ilhali yaliyomo moyoni mwake si ya chumvi. Kimetungwa pia kwa ajili ya mkewe, maana aghalabu yeye ndiye wa kwanza kudhani kwamba hatakiwi tena, au kwamba iko nyumba nyingine mjini.

Ada ya watu wetu ni kumstahi mtu wa makamo. Mvi zake humletea shikamoo, kitambi chake huhesabiwa kuwa ni neema, na nuru ya macho yake ikianza kupungua hujinunulia miwani ya kusomea, wala hapana asemaye kwamba uanaume wake umeingia dosari. Ni kiungo kimoja tu kilichonyimwa ruhusa ya kuingia utu uzima. Barazani, mdila wa kahawa ukizungushwa na kashata zikitafunwa, jogoo asiyewika ndiye kichekesho cha jioni; na yule ambaye la kwake analijua hucheka pamoja na wenziwe, tena kwa sauti, kisha hurudi kwake akiwa amejihukumu mwenyewe bila kadhi wala shahidi. Hukumu hiyo tumeitanguliza mbele ya dawa, kwa sababu mara nyingi humdhuru mtu kuliko ila yenyewe, tena huizidisha.

Kwanza na ajue kwamba hayuko peke yake. Katika uchunguzi mashuhuri uliofanywa Massachusetts, Marekani, baina ya mwaka 1987 na 1989, wanaume wa umri wa miaka 40 hadi 70 waliulizwa juu ya jambo hili, na zaidi kidogo ya nusu yao walikuwa na upungufu wa kadiri fulani. Lakini waliokosa nguvu kabisa walikuwa kama asilimia 5 tu kwa wenye miaka 40, na asilimia 15 kwa wenye miaka 70. Hapa kwetu, wanaume wenye kisukari waliohudhuria kliniki ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, walipochunguzwa, nao walionekana zaidi ya nusu kuwa na tatizo hili. Jambo lililowafika watu wengi kiasi hicho haliwezi kuwa izara ya mtu mmoja.

Sasa natutazame mwili wenyewe unavyofanya kazi. Dhakari haina mfupa, wala haisimami kwa amri, kama mtu anavyokunja ngumi. Mguso au wazo huamsha mishipa ya fahamu, nayo, pamoja na utando wa ndani wa mishipa ya damu, hutoa gesi iitwayo nitriki oksaidi. Gesi hiyo huilegeza misuli iliyomo katika kuta za mishipa, damu ikaingia kwa wingi na kuijaza nyama iliyo kama sifongo, na ile mishipa ya kuirudishia damu ikabanwa isipate kuitoa upesi. Kwa hiyo hiki tukiitacho nguvu huanza kwa kulegea. Hofu, kwa upande wake, humwaga mwilini homoni ya adrenalini, ambayo kazi yake ni kuikaza mishipa ile ile. Basi mwanamume anayeingia kitandani kama aendaye mtihanini, akijiuliza kila dakika kama leo ataweza, anaufunga kwa mkono wake mlango anaojitahidi kuufungua. Akishindwa leo, kesho hofu huwa mara mbili.

Ithibati ya nguvu ya dhana tunayo kutoka Italia, ambako mwaka 2003 ulichapishwa uchunguzi wa wanaume 96 wenye maradhi ya moyo na mishipa, waliopewa wote kidonge cha aina moja, atenololi, ambayo ni dawa ya moyo na presha. Wale ambao hawakuambiwa wanameza nini, walilalamika upungufu asilimia 3. Walioambiwa jina la dawa tu, asilimia 16. Na walioambiwa kwamba huenda ikawapunguzia nguvu, asilimia 31. Kidonge kilikuwa kile kile.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kila jambo ni la moyo na fikira. Mtu akiamka alfajiri akajikuta kamili, lakini usiku mbele ya mkewe akashindwa, aghalabu mishipa yake i mizima na fadhaa ndiyo imshikayo. Bali kama na hiyo ya alfajiri imetoweka, na hali imekuja polepole kwa miezi, basi sababu itafutwe katika damu. Ateri za dhakari zina upana wa milimita 1 hadi 2, ilhali zile za moyo ni milimita 3 au 4, kwa hiyo lehemu inayoziba mishipa huonekana athari yake kwanza pale palipo pembamba, na mara nyingi ila hii humtangulia mtu miaka miwili hata mitano kabla ya maumivu ya kifua. Kisukari na shinikizo la damu huingia kwa njia hiyo hiyo, na tumbaku kadhalika. Mwanamume anayelificha jambo hili, basi, huenda anaficha onyo la moyo wake; na wahenga walikwisha kusema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Badala ya kwenda kupimwa, wengi huenda jikoni kwa watu. Jioni, katika mitaa ya Dar es Salaam, utawaona wamesimama kuizunguka sufuria ya supu ya pweza, kila mtu na kikombe chake, wakichoma vipande kwa vijiti vya meno na kukamulia ndimu; pembeni yupo muuza mihogo mibichi, karanga na vipande vya nazi. Hatuna ugomvi na pweza, ni kitoweo kizuri, ingawa hajapata kuzibua ateri ya mtu. Ugomvi wetu ni na unga usio na jina, uitwao vumbi la Kongo au vinginevyo, kwa kuwa katika nchi mbalimbali wakaguzi wamezikuta dawa ziuzwazo kwa jina la miti shamba zimetiwa kwa siri sildenafili, dawa ya hospitali ya kusaidia dhakari kusimama. Mtu anayetumia dawa za naitreti kwa maumivu ya kifua akiilamba sildenafili asiyoijua, shinikizo lake la damu huweza kushuka ghafla hata akafa.

Sildenafili yenyewe si adui. Kampuni ya Pfizer ilikuwa ikiijaribu Uingereza kuwa dawa ya maumivu ya kifua, waliojitolea wakatoa habari nyingine, na Machi 1998 ikaruhusiwa Marekani kwa kazi tunayoijua. Haileti matamanio, huifanya tu athari ya ile gesi idumu. Na dhakari ikisimama zaidi ya saa 4, mtu aende hospitali usiku ule ule. Mwenye dawa za presha asiziache kwa shaka kwamba ndizo zinazompunguzia nguvu, amwambie tabibu ambadilishie. Wala asichomwe sindano ya testosteroni kabla ya kupimwa damu asubuhi, maana wengi haijawapungukia, na sindano hiyo hupunguza mbegu za uzazi. Kutembea kwa miguu na kupunguza mwili hakusifiwi mitaani, lakini katika uchunguzi wa wanaume wanene wa Italia uliochapishwa mwaka 2004, karibu theluthi moja ya waliofuata mwendo huo kwa miaka miwili walirudia hali yao.

Kwa mke, neno moja lililo wazi latosha: "Mama Asha, mwili wangu una ila, si moyo wangu." Zahanati ndipo penye taabu, kwani nesi akiuliza, "Baba, kuna jingine linalokusumbua?" mzee hujibu, "Hamna, mwanangu," akaondoka na vidonge vya mgongo. Anayeona muhali kulitamka mbele ya kijana wa umri wa bintiye na aliandike katika karatasi, pamoja na majina ya dawa zote anazomeza, zikiwamo za miti shamba, ampe tabibu mkononi; au aombe kuonana na mganga mwanamume, naye hatakuwa amevunja adabu ya mtu.