Baiskeli, familia na raga ya mtoto

SWALI: Naishi Kiamunyi na naenda kazini mjini Nakuru kwa baiskeli. Mwanangu wa miaka 9 ameanza raga, mazoezi ni jioni. Mke wangu analalamika kwamba nyumbani sionekani. Niuze baiskeli? – Baba wa wawili

JIBU: Usiuze, ndugu yangu. Lakini mama watoto ana haki, na atakachotaka kuona ni ratiba, si ahadi.

Siku ya mazoezi ndiyo ngumu. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, na safari yako ya kurudi ni ya kupanda. Kumpakia mtoto aliyechoka kwenye keria, gizani, matatu zikikupita kwa kasi, sikushauri hata kidogo. Akisinzia, kisigino huteleza kati ya spoki, na gurudumu haliulizi. Hata mchana, funika spoki kwa wavu na umwekee pa kukanyaga.

Siku hiyo ifungie baiskeli kazini, mpande matatu pamoja. Asubuhi yake utashuka kwa matatu. Nauli hiyo haipotei: ndani ya gari atakusimulia nani alimwangusha na nani alifunga.

Mvua za masika, Machi hadi Mei, zitakupunguzia siku za baiskeli, kwa hiyo tenga nauli mapema. Kisha muulize mkeo jioni ipi anakuhitaji nyumbani mapema, uiandike kabla ya kupanga nyingine.