Kimezimwa, Kimezimika au Hakijawaka? Kauli za Kitenzi na Hitilafu za Swichi

Aghalabu tunafundishwa kauli za kitenzi kwa mifano ya jikoni: chakula kimepikwa, chakula kimepikika. Tofauti hiyo tunaikariri kwa ajili ya mtihani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti iyo hiyo humfaa fundi anayetafuta sababu ya kiolesura cha VLAN kukataa kuwaka.

Swichi huunganisha tarakilishi za jengo moja. VLAN ni mtandao unaotengwa ndani ya swichi hiyo bila kuongeza kifaa: afisi ya fedha nambari 10, maabara ya wanafunzi nambari 20. Kiwango cha 802.1Q, kilichochapishwa na IEEE mwaka wa 1998, huipa kila VLAN nambari ya biti 12, na zinazotumika ni 1 hadi 4094. Ili mitandao hiyo iwasiliane, swichi yenye uwezo wa kuelekeza data hupewa kiolesura kwa kila VLAN, chenye anwani yake ya IP. Kiolesura hiki hakina tundu wala waya. Kimo katika programu tu. Hapa ndipo wanagenzi wanapopotea, kwani hukimbilia kutafuta waya uliochomoka.

Katika swichi za Cisco, amri ya "show ip interface brief" huonyesha hali ya kila kiolesura. Jibu likiwa "administratively down", Kiswahili kina neno moja: kimezimwa. Kiambishi -w- kinatuambia yupo mtendaji, hata asipotajwa. Ni agizo lililoandikwa katika usanidi. Tiba yake ni "no shutdown", basi.

Jibu likiwa "down" pekee, hakuna aliyekizima. Wafasiri wengi wataandika "hakifanyi kazi", nami naliona neno hilo kuwa la uvivu, maana linafunika hali mbili. "Kimezimika" hudai kwamba awali kiliwaka: basi kuna kilichobadilika. Pengine tarakilishi ya mwisho katika VLAN hiyo imezimwa, au nambari yake imeondolewa katika kiungo kikuu kinachobeba VLAN nyingi. "Hakijawaka" hudai kwamba kuna jambo ambalo halijatendwa kamwe. Kosa la kawaida ni kuandika "interface vlan 10" na kudhani kwamba VLAN yenyewe imezaliwa. La hasha! Amri hiyo huunda kiolesura tu. VLAN hainabudi kuundwa katika hifadhidata ya swichi, na "show vlan brief" ndiyo itakayothibitisha kuwapo kwake.

VLAN ikiwapo, lazima angalau tundu moja halisi liwe ndani yake, liwe limeunganishwa na kifaa kilichowashwa, na liwe linapitisha data. Sharti hili la mwisho husahaulika. Itifaki inayozuia data kuzunguka bila kikomo, katika muundo wake wa zamani wa 802.1D, hulisubirisha tundu sekunde 15 za kusikiliza na 15 nyingine za kujifunza. Fundi mwenye pupa huchomoa na kuchomeka waya kabla ya sekunde hizo 30 kwisha, na kila mara huianzisha hesabu upya.

Katika baadhi ya swichi ipo amri ya "no autostate", ambayo hukifanya kiolesura kionekane kimewaka hata pasipo tundu lolote hai. Ina matumizi yake, ila si dawa ya hitilafu.

Kauli ya kujirejelea nayo ina nafasi. Tundu linaloandikwa "err-disabled" halikuzimwa na mtu wala halikuzimika: limejizima, kwa kuwa swichi imegundua ukiukaji, mathalani kifaa kisichoruhusiwa. Likiwa ndilo tundu pekee la VLAN, kiolesura nacho huzimika. Fundi aondoe kwanza kisa cha kujizima, kisha alizime tundu na kuliwasha tena. Akianza na kuliwasha, litajizima tena.