Kipepeo Adimu Bustanini

Wasomaji wetu, mtu akiona kipepeo mgeni bustanini mwake hufurahia uzuri wake, kisha husahau. Mwezi huu na tujifunze ya kwamba kumtazama vema kuna faida, maana pengine maisha ya kiumbe huyo yategemea bustani hiyo hiyo.

Twatwaa mfano wa Australia. Kusini mwa Queensland na kaskazini mwa New South Wales yuko kipepeo mkubwa aitwaye kwa jina la mto Richmond. Dume ni mweusi mwenye kijani king'aacho. Jike ni mkubwa zaidi, wa rangi ya kahawia iliyokoza, mwenye madoa meupe na ya manjano. Mabawa yake yakikunjuliwa hufikia karibu sentimeta 15. Zamani walionekana hata mjini Brisbane, lakini misitu ilipokatwa walipungua sana.

Sababu ni hii: kila kiwavi ana chakula chake, kama tuonavyo viwavi juu ya milimau yetu. Kiwavi wa kipepeo huyu hula majani ya mimea michache itambaayo msituni, hasa ule uitwao kwa Kilatini Pararistolochia praevenosa. Msitu ukitoweka, chakula nacho hutoweka.

Tena liko jambo la pili. Watu walileta kutoka Amerika ya Kusini mmea wa pambo wenye maua ya umbo la kiko, nao ni wa jamaa ya ule wa msituni. Jike hudanganyika, hutaga mayai juu yake, na viwavi wakila majani hayo hufa kwa sumu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi katika miaka ya 1990 mtaalamu wa wadudu, Bwana Don Sands, pamoja na shule nyingi na wenye bustani, walifanya bidii kupanda mmea wa asili na kung'oa ule wa sumu.

Mtu amwonapo kipepeo huyo afanyeje? Kwanza, asimshike, bali atulie na kuangalia rangi zake. Pili, aandike siku na mahali. Tatu, autazame mmea anaouzunguka: ukiwa ule wa sumu, aung'oe, apande ule wa msituni mahali pake.